Mama Mashuka na Kosa la Kutofika

Chumba cha kufulia cha hospitali ya serikali kilikuwa nyuma kabisa, kati ya jiko na chumba cha maiti, na mwanamke aliyefanya kazi humo miaka kumi na tisa hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Mashuka. Madaktari walimwita hivyo, wauguzi walimwita hivyo, na hata kwenye orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni kuna mtu aliwahi kuandika hivyo na hakuna aliyejisumbua kufuta.

Kulikuwa na mashine mbili za kufulia na moja ya kukamulia. Hiyo ya kukamulia ndiyo aliyopewa yeye. Ikishika kasi, sakafu ilitetemeka mpaka ndoo zikatembea zenyewe. Mwaka wake wa nne kazini boliti zililegea, zikakazwa. Zilipolegea tena, wakaambiwa waandike barua ya kuomba fundi. Barua ikaandikwa, fundi hakuja, na mashine ikaendelea kulia kama bati linaloburutwa kwenye lami, saa nane kwa siku, mwaka baada ya mwaka.

Wanawake sita wa humo ndani hawakuweza kusikilizana, wakajifunza kusema kwa midomo tu, bila sauti. Umbea wote wa hospitali ulipita humo kimya kimya. Mgeni akiingia alidhani wamenuniana, kumbe ndiye anayechekwa pale pale aliposimama.

Nyumbani Mama Mashuka aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani aliyeshonea barazani. Watu husema mawifi hawapikiki chungu kimoja. Hawa walipikika, ila chungu kilichemka kutwa. Wifi ndiye aliyegundua kwanza.

"Nimekuita mara tano!" alimfuata siku moja uani. "Au masikio nayo umeyafua pamoja na mashuka?"

Mama Mashuka alicheka. Lakini wiki ile ile aliacha sufuria likaungua jikoni huku kifuniko kikigonga, naye kakipa mgongo, hana habari. Hapo hakucheka tena.

Daktari wa masikio alimpima akamwandikia cheti: akae mbali na kelele miezi mitatu, na akirudi apewe kazi nyingine. Mama Mashuka akaambatanisha cheti na fomu ya likizo ya ugonjwa, akampelekea msimamizi wa kitengo, bwana mmoja mpole wa maneno aliyependa kusifiwa kwamba hana makuu. Msimamizi aliipokea fomu, akaiweka juu ya nyingine, akamtazama usoni. Mashine zilikuwa zinanguruma. Mama Mashuka alimsoma mdomoni: "Nenda, mama. Nenda kapumzike, majibu yatakufuata nyumbani."

Akaenda.

Mwezi wa kwanza mshahara uliingia. Wa pili haukuingia. Akaenda ofisi ya utumishi, akaambiwa mhusika yuko semina. Akarudi, akaambiwa faili liko kwa mkubwa. Mara ya tatu karani alimwonyesha kidole kile cha subiri, akatoka kunywa chai, hakurudi. Miezi mitatu ya cheti ikaisha, daktari akamwongezea mmoja, na mwisho wa mwezi huo ndipo barua ilipomfikia. Iliandikwa kwamba fomu yake haikuwa na muhuri wa msimamizi, kwa hiyo likizo haikupata kutolewa. Siku zote alizokaa nyumbani zimehesabiwa utoro. Aripoti kwenye kituo chake cha kazi ndani ya siku saba, la sivyo atafukuzwa.

Alimfuata msimamizi na barua mkononi.

"Si wewe uliyeniambia niende?"

Yule bwana alitikisa kichwa taratibu, kama anayemhurumia. "Mimi nilisema ngoja, mama. Ngoja majibu. Wewe mwenyewe unajua masikio yako siku hizi. Labda hukusikia vizuri."

Mama Mashuka alisimama pale akimtazama midomo. Mtu akisema ngoja, mdomo huviringika. Akisema nenda, hauviringiki. Mwanamke aliyesoma midomo miaka kumi na tano hawezi kuchanganya hayo mawili, hata akiwa na homa. Lakini angemwambia nani? Ushahidi wake ulikuwa mdomo wa mtu, na mwenye mdomo ndiye huyo anayeukana.

"Na ile kazi nyingine aliyoandika daktari?" aliuliza.

"Nafasi hakuna. Ikitokea tutakuita."

Akapiga moyo konde, akarudi kwenye mashine ya kukamulia, kwa sababu mwenye njaa hachagui sauti ya kusikiliza. Akaweka pamba masikioni, akajifunga kitambaa. Miezi saba baadaye aliamka asubuhi akamwona wifi yake akikanyaga cherehani, sindano inapanda na kushuka, na sauti hakuna. Hata mlango ulipobamizwa, mtikisiko wake aliupata kwenye nyayo tu. Kichwani ulibaki mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga, na huo ndio alionao mpaka leo.

Basi likaja suala la mafao ya ulemavu.

Ofisi ya mafao ilikuwa ghorofa ya pili, ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao na madirisha manne ya vioo. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: unakuja asubuhi, unakabidhi barua yako, unakaa, jina lako linaitwa, unaingia mbele ya bodi ya matabibu. Siku hiyo Wifi alikuwa amebanwa na sare za shule, kwa hiyo Mama Mashuka alikwenda peke yake. Alikuwa wa nne kufika. Alimwomba mama aliyekaa naye amguse bega jina lake likiitwa, akamtajia lile jina kamili lililoko kwenye faili. Yule mama akakubali kwa moyo mweupe. Kisha yeye mwenyewe akaitwa, akaingia, na alipotoka alipitia mlango wa upande wa pili.

Mama Mashuka alikaa. Alitazama midomo ya karani, lakini karani aliita huku ameinamia karatasi, na kioo mbele yake kilikuwa kimebandikwa matangazo usawa wa kidevu. Watu walizidi kupungua. Mfagiaji alipofika kwenye miguu yake na ufagio, akainuka akaenda dirishani.

"Bado mimi," alisema.

Karani, kijana mwenye tai, alipekua orodha. Alilazimika kuinua uso ili amjibu, na hapo ndipo midomo yake iliposomeka. "Tulikuita mara tatu. Tumeshaandika hukufika."

"Nimekuja tangu saa moja. Nilikuwa pale, benchi la pili."

"Sasa upo. Tulipokuita hukuwepo."

"Mwanangu, madai yangu ni ya masikio. Mimi sisikii!"

"Ndiyo maana tunaita kwa sauti kubwa, mama," alijibu yule kijana, na wala hakuwa anafanya mzaha.

Barua ilikuja baada ya wiki sita: madai yamefungwa kwa sababu mdai hakufika. Wifi aliisoma barazani, akaisoma tena, akavua miwani. Halafu akasema maneno ambayo Mama Mashuka aliyafuata yote kwenye midomo yake, na ambayo si ya kuandikwa. Kesho yake Wifi alifunga cherehani, wakaenda pamoja. Mlinzi wa getini, mzee mwenye kitabu cha wageni, aliwafunulia ukurasa bila kusumbua. Jina lilikuwepo, saa moja na dakika kumi, na sahihi yake mwenyewe.

Afisa wa madai aliutazama ukurasa kwa makini. "Hiki kitabu kinaonyesha aliingia getini. Hakionyeshi kwamba alifika mbele ya bodi."

"Kwani aliingia getini kufanya nini, kuangalia maua?" Wifi aliuliza.

"Sitaki maneno, mama. Andikeni barua ya kuomba madai yafunguliwe upya."

Wakaandika. Wakapewa siku nyingine, miezi mitano mbele. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na miezi hiyo matumbo yalikuwa yakiumia kweli kweli, kwani hospitali ilikuwa imemwondoa kazini kwa kuwa hafai tena, huku ofisi ya mafao ikiwa haijakubali kwamba ana tatizo. Kwa wa kwanza alikuwa kiziwi mno, kwa wa pili hakuwa kiziwi wa kutosha. Nyumba nzima ilikula mkononi mwa Wifi.

Siku ya bodi Wifi alikaa ukumbini kama askari, na jina lilipoitwa alimsukuma mwenzake mpaka mlangoni. Ndani hakuruhusiwa. Daktari wa bodi alikuwa kijana mwenye haraka, kanyoa ndevu zote, anatamka kila neno kama mwalimu wa chekechea. Alimkalisha mbele yake, karibu na dirisha.

"Una miaka mingapi?" Hamsini na miwili. "Ulifanya kazi gani?" Udobi wa hospitali. "Una watoto?" Sikujaliwa. "Leo umekuja na nani?" Na wifi yangu.

Mama Mashuka alitoka akiwa na furaha. Ni mara ya kwanza, alimwambia Wifi, mtu wa serikali ameongea naye kwa adabu.

Taarifa ya bodi ilisema: "Mdai anasikia mazungumzo ya kawaida na anajibu maswali yote kwa ufasaha." Madai yalikataliwa.

Aliposomewa mstari huo alikaa chini barazani, juu ya vipande vya vitambaa, akalia kwa sauti ambayo mwenyewe hakuweza kuipima, mpaka majirani wakatoka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ile adabu ya daktari ndiyo iliyommaliza. Angekuwa mkorofi, angegeuka akaongea na ukuta, angekuwa amemtendea haki.

Wifi ndiye aliyesema wakate rufaa. Mwenzake hakutaka. "Mimi nimechoka kuthibitisha kitu ambacho sina," alisema. Lakini Wifi alikuwa mtu ambaye akishona hafumui, na baada ya miezi minne wakawa mbele ya watu watatu kwenye meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye kalamu mdomoni. Pembeni yake alikaa mwanamke wa makamo, na wa tatu alikuwa yule afisa wa madai. Wifi alipofungua kinywa tu, mwenyekiti alimnyamazisha: mdai ajisemee mwenyewe. Kisha akauliza swali huku anatafuna ile kalamu.

"Mzee wangu," Mama Mashuka alisema, "toa kalamu mdomoni nikusikie."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mwanamke wa makamo naye hakucheka. Aliinua faili, akaufunika uso wake mpaka puani, na macho yake tu yakabaki yakimtazama Mama Mashuka. Wifi alisikia swali lililoulizwa nyuma ya faili lile: "Mumeo alifariki lini?" Likaulizwa mara ya pili, kwa sauti ya juu zaidi. Mama Mashuka alikaa ameshika mkoba, anasubiri kwa heshima, kama mtu aliyepiga hodi mlangoni.

Mwanamke alishusha faili. "Mnaona?" aliwaambia wenzake. "Anatusoma."

Hapo Mama Mashuka akaongea. Aliongea bila kuulizwa, sauti ikipanda na kushuka bila mpango. Aliwaeleza kwamba kusoma midomo hakujifunza ili awadanganye madaktari, alijifunza kwa sababu boliti hazikukazwa. Aliwaeleza habari ya nenda na ngoja. "Serikali ilinichukua na masikio mawili," alisema. "Iandikeni hiyo. Mkishaiandika, mengine fanyeni mnavyotaka."

Wakaandika. Uamuzi ulitoka baada ya miezi miwili, nao ulikubali kwamba alipoteza usikivu kazini. Wifi alipiga kigelegele kabla ya kufika aya ya pili. Aya ya pili ilisema kwamba, kwa kuwa mdai ana ustadi mkubwa wa kusoma midomo, ulemavu wake ni wa kiwango cha kati, na atalipwa nusu. Malipo yangeanza tarehe ya uamuzi, si tarehe ya kuumia. Suala la likizo halikuwa la ofisi hiyo, na ile miezi minne itabaki kwenye faili kama utoro.

Ili malipo yaanze, kulikuwa na fomu ya kusaini. Ilisema: "Nimeuelewa uamuzi huu na nimeridhika nao." Mama Mashuka aliisoma dirishani, akaomba kalamu, akafuta "nimeridhika nao", akaandika juu yake "nimepokea", halafu akasaini. Kijana mwenye tai aliirudisha. Fomu imeharibika, alisema. Mpya zimekwisha, zinachapishwa, arudi baada ya wiki tatu.

"Usisaini," Wifi alimwambia njiani, akisimama mbele yake ili aonekane vizuri. "Twende mahakamani. Nitauza cherehani ikibidi."

"Utauza cherehani tule nini?"

Baada ya wiki tatu alikwenda peke yake. Fomu ilikuwa safi, wino bado unanukia. Alisaini kwamba ameridhika, akapewa nakala, akaikunja mara nne. Alipomwonyesha Wifi, Wifi aliipokea, akaisoma, akairudisha, akainamia cherehani yake. Hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu alimtupia kifungu cha sare zisizopindwa, akamgusa bega, na akiwa amemtazama usoni akasema, "Pindo la inchi mbili. Na usinishonee kama mtoro."

Mama Mashuka alivuta kigoda. Hakucheka, lakini alitafuta sindano.