Filimbi ya Paipu

Juzi pale Donholm nilimwona mtoto akipuliza filimbi ya plastiki, na wivu wangu wa zamani ukaamka.

Baba alikuwa mchonga vinyago. Mchana mmoja nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu mtaa wa Tena, alinikatia filimbi kwenye kipande cha paipu ya maji, akatoboa matundu kwa msumari wa moto, akamaliza kabla chai haijachemka. Kisha akatoa mpingo aliokuwa ameuficha chini ya kitanda, akaanza ya dada yangu Mwende. Alitoboa, akapuliza, akakunja uso, akakwangua tena mpaka jua likashuka. Nyumba nzima ilinuka moshi wa mti.

"Yako ni ya sinki!" Mwende akanicheka.

"Baba, mbona yangu hukuihangaikia?"

"Yako si inaimba, mama? Hii imenikataa."

Nilidhani ananituliza tu. Kusema haki, ilikuwa kweli: paipu hutoka kiwandani imenyooka ndani, na mpingo aliutoboa kwa kukisia. Filimbi ya Mwende haikuwahi kuimba vizuri.

Labda mimi ndiye mjinga, lakini hata leo nikiambiwa nichague, nitachukua ile iliyomchukua Baba mchana mzima.