Wimbo wa Alama Tisa

Katika karakana ya Haji Borumand pale Najafabad, wafumaji sita hukaa ubao mmoja mbele ya zulia, na hakuna anayetazama mchoro. Mchoro ulikaa kichwani mwa Mahrokh. Kwa miaka kumi na tisa alisimama nyuma yao akiwaimbia rangi: "Buluu mbili, ruka moja, nyekundu tatu!" Nao wakiitikia kwa sauti moja, "Tumefunga!" Mwita nakshi anayejiheshimu hushika karatasi ya mchoro wiki ya kwanza tu ya zulia. Baada ya hapo huikunja akaiweka. Mama yake Mahrokh alifanya hivyo, na bibi yake kabla ya mama.

Kwa hiyo siku alipoambiwa kwamba ana ugonjwa wa MS, kwamba mwili wake wenyewe unaguguna utando wa mishipa yake ya fahamu, hakuuliza habari ya miguu, ambayo ugonjwa huo huidhoofisha.

"Na kichwa, daktari?"

Daktari Nikpur alikuwa mwanamke mfupi asiyejua kubembeleza. "Kichwa tutakiangalia kila mwaka," alisema.

Basi kila majira ya kuchipua Mahrokh alipanda basi kwenda Isfahan. Kwanza alilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha ya ubongo, iliyogonga kama machanuo ya chuma ya wafumaji yakishindilia nyuzi. Kisha aliketishwa mezani mbele ya karatasi. Juu yake palikuwa na alama tisa, kila moja na tarakimu yake. Chini, mistari ya alama zilezile bila tarakimu. Kazi yake ilikuwa kuzipa tarakimu zake, nyingi awezavyo, kwa sekunde tisini.

Mwaka wa sita alikwenda na haja nzito. Haji alikuwa ameanza zulia kubwa la kufumwa miaka miwili, sasa liko wiki ya tatu, na majira ya baridi yaliyopita Mahrokh alikuwa amekosea kuita mara tatu. "Dada Mahrokh," Haji alimwambia huku akitazama chini, "niletee barua ya daktari kwamba akili iko sawa. Bila barua, nitatafuta mwingine."

Daktari alizitazama picha kwa muda mrefu. Madoa meupe yalikuwa yameongezeka, na ubongo ulikuwa umesinyaa kidogo. Lakini karatasi ya mtihani ilikuwa nzuri kuliko ya mwaka uliopita.

"Picha inasema hivi, wewe unasema vile," alisema. "Huwa inatokea. Nami napenda kukuamini wewe." Akavuta kalamu aandike barua.

Tangu ndani ya basi asubuhi ile Mahrokh alikuwa na wimbo mdogo kooni, asijue umetoka wapi. Sasa alijua. Aliitazama kalamu ikigusa karatasi.

"Daktari, usiandike. Funika zile alama za juu."

"Kwa nini?"

"Wewe funika tu."

Daktari akaziba kwa kiganja. Mahrokh akajaza mistari miwili mizima bila kosa, midomo ikichezacheza.

"Unaimba!"

"Wallahi sikukusudia. Karatasi haijabadilika miaka sita. Mimi nikiona alama zimepangwa, zinaingia zenyewe kichwani kama wimbo."

Daktari akafungua kabati, akatoa karatasi yenye alama nyingine, akabonyeza saa. Mahrokh alitazama juu, akatazama chini, akasahau, akatazama juu tena. Saa ilipolia hakuwa amefika hata nusu ya hesabu yake ya kwanza.

"Ungenyamaza, ungeondoka na barua," daktari alisema polepole.

"Ningenyamaza, zulia lingesema. Mwaka wa pili wa kufuma, maua ya kulia yasingekutana na ya kushoto, na mafundo ya watu sita yangefumuliwa." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nilichojifunza zamani bado kipo?"

"Kipo. Kipya ndicho kitakachokuponyoka. Usikibebe kichwani."

Barua aliyopewa ilisema hivyohivyo. Haji aliisoma mara mbili, akampa mwezi mmoja wa majaribio.

Jumamosi aliingia karakanani, karatasi ya mchoro mkononi, nje nje, kila mtu aione. Golabetun, mfumaji mkongwe mwenye ulimi wa pilipili, akageuka.

"Haya! Wiki ya nne hii, na bibi bado anasoma? Au umerudishwa darasa la kwanza, shoga?"

Wengine wakacheka.

"Nimerudishwa," Mahrokh alisema. "Ubongo wangu unaumwa. Mchoro mpya haukai. Kuanzia leo nitasoma mpaka zulia likamilike lishuke, na nikikosea, Golabetun, nisimamishe mbele ya wote."

Mahrokh akaweka kidole kwenye mstari, akaimba: "Kijani moja, ruka mbili, buluu nne!"

Hakuna aliyeitikia. Mikono ilikuwa imesimama juu ya nyuzi.

Golabetun akaligeukia zulia, akahesabu nyuzi kwa ukucha, akafunga fundo, akakata ncha ya uzi.

"Tumefunga," alisema peke yake. Kisha akawakaripia wenzake: "Nyie mmekuwa mabubu? Mwenzenu anaita."