Kope ya Miraji

Mwanamkuu alikuwa mke wa Miraji, mkata boriti wa Maparoni, na siku ile alichoka kusema na watu wasiotaka kusikia. Miraji alikuwa ametoka Ngarambe kunywa maji ya vita, dawa ya kuzuia risasi, na mwiko wake ulijulikana: mwanamume aliyeyanywa hamkaribii mkewe mpaka vita viishe. Kwa hiyo Mwanamkuu alimtazama kwa mbali tu, uani. Akaona kope ya jicho la kushoto imeshuka. Akamsikia akilalamika kwamba boriti moja anaiona mbili.

Moyo ukampasuka. Mama yake alianza hivyo hivyo. Baada ya siku nne alipigwa na maumivu ya kichwa ya ghafla, akatapika, shingo ikakakamaa, na jua lilipokuchwa hakuwapo.

Akamwendea Shaabani, kaka yake Miraji, aliyekuwa akikusanya wanaume wa kupanda mto hadi Ngorongo vitani. Akamsihi amwache mumewe alale, asishike upondo, mti wa kusukumia mtumbwi. Shaabani akamjibu kwamba kope haishuki bure. Mwenye maji mwilini akiugua, kuna mwiko uliovunjwa, na Miraji ameapa kwamba hajauvunja; basi atakwenda. Mwanamkuu akaeleza habari za mama yake mara tatu. Ya mama yako ni ya mama yako, akaambiwa. Sikio la kufa halisikii dawa, na hawa walikuwa nayo mawili mawili.

Ndipo likamjia wazo. Mwenye kuvunja mwiko hachukuliwi vitani.

“Basi nimelala naye, shemeji,” akasema mbele ya wote. “Mwacheni nyumbani.”

Wanaume wakaguna. Shaabani akaamuru Miraji abaki. Aibu ile aliibeba Mwanamkuu kwa furaha, maana alijua amempata mumewe.

Lakini Miraji alisikia. Akatoka mbio hadi mtoni, akiapa kwa Mungu kwamba mkewe mwongo, akaruka mtumbwini na kuushindilia upondo topeni kwa nguvu zake zote. Ghafla akajishika utosi. Akasema ni kama amepigwa shoka kichwani. Akatapika, akaanguka, na shingo haikukunjika tena.

Matangani Mwanamkuu aliapa kwamba alidanganya, kwamba ni ugonjwa ule ule wa mama yake.

“Tukuamini lini, shemeji?” Shaabani akamwuliza. “Juzi au leo?”

Alizeeka Maparoni akiitwa mwanamke aliyemuua mumewe.