Shokapu za mbele za pikipiki ya Baba, na dada yangu mjamzito Belobaka

Wakuu, nianze na swali lililonishinda wakati ule. Shokapu mbili za pikipiki moja, zimetiwa mafuta kwa kikombe kimoja, kiasi kilekile. Kwa nini moja itapike na nyingine itulie?

Habari zenu lakini. Haya yalinikuta mwenyewe, sijatia chumvi, na pale nilipoonekana mjinga nimepaacha hivyohivyo.

Mimi nimezaliwa Nosy Be, kisiwa cha Madagaska. Baba ni wa ukoo wa Kikomoro, anaishi kisiwani hukohuko, kijiji cha Marodoka, jirani na mji wa Hell-Ville. Kiswahili nilikipata kwa marehemu mama, mtu wa Tanga. Mazungumzo ya humu nimeyageuza kwa Kiswahili. Sisi kwa sisi tunaongea Kimalagasi, na Kikomoro mtu akikasirika.

Nilikuwa nimemaliza chuo Mahajanga, fizikia, kazi hakuna. Nikahamia Belobaka, nje ya mji, kwa dada yangu Zaina. Mume wake alikuwa kibaruani Mayotte.

Zaina alikuwa mjamzito, na mimba ya kwanza ilishamtoka. Daktari alimwambia: ukisikia maumivu, njoo mjini hapohapo. Na usitikisike sana njiani.

Sasa nyumba iko ndani, mbali na lami. Mvua zikianza, teksi zinagoma kushuka kwenye ile njia. Bajaji zilikuwa bado hazijaingia.

Baba akatutumia pikipiki yake kwa boti la mizigo. Ya mwishoni mwa miaka ya sabini, kuukuu lakini inawaka.

Kwa wasiojua: maboti ya kule hubeba vanila, na tone la oil likigusa gunia, mzigo unanuka wote. Kwa hiyo wapakiaji hawapokei pikipiki mpaka imwagwe kila kitu. Tangi, injini, hata shokapu za mbele. Kila shokapu ina skrubu ndogo chini. Wanaifungua, wanakandamiza usukani mpaka mafuta yaishe. Ukiipokea upande wa pili, unajaza mwenyewe.

Nikajaza. Kikombe kimoja kulia, kimoja kushoto.

Nikaenda kuijaribu na gunia la mchele nyuma, badala ya Zaina. Shimo la kwanza tu, shokapu ya kulia ikarusha mafuta, yakateremka mpaka kwenye gurudumu. Ya kushoto, kavu kabisa.

Nikaogopa. Ingekuwa ni dada amekaa pale nyuma?

Tombo, fundi jirani, akasema mafuta yangu mepesi mno, nitie oil nzito ya injini. Nikamuuliza mbona wepesi wenyewe unachagua upande. Akasema pikipiki haina tatizo, tatizo ni maswali yangu.

Nikampigia Baba. Yeye alichojali ni vipande viwili vya bomba la maji vilivyokaa juu ya springi, ndani ya shokapu. Nisivitoe.

"Kwa nini?"

"Nimeviweka mimi."

Hilo kwangu si jibu, nikavitoa. Kumbe springi zilikuwa zimechoka, zimefupika. Bila vile vipande, pikipiki ikainama mbele, na kila nikishika breki gunia lilinisukuma mgongoni. Nikavirudisha kimyakimya.

Jibu nililipata nilipotaka kumwaga upya. Skrubu ya kulia ilikuwa imeshikwa na kutu na rangi, haijaguswa miaka. Wapakiaji walimwaga kushoto peke yake. Kulia nilikuwa nimeongeza kikombe juu ya mafuta ya zamani. Hewa ikakosa nafasi, shokapu ilipobonyea mafuta yakapasua oil seal, ule mpira wa kuyazuia, na kutoka.

Nikabadilisha seal, nikamwaga pande zote. Safari hii nikatoa springi, nikazibonyeza shokapu mpaka mwisho, nikapima kwa kijiti kutoka mdomo wa bomba mpaka yalipo mafuta. Kulia sawa na kushoto. Ndipo nikarudisha springi na vipande vya Baba.

Hapo mtu mwingine angetulia.

Mimi nikaanza kujiuliza kama ni ngumu mno kwa mjamzito. Nikapunguza mafuta, ikagonga chini. Nikaongeza, kila kokoto likaja mikononi. Muda mwingi pikipiki ilikuwa juu ya kreti, mbele haina gurudumu, na siku za dada zinakaribia.

Zaina akitoka nje anauliza, "Leo ina miguu mingapi?" Namjibu miwili, ila kesho nataka kuigusa kidogo. Anaitazama njia.

Asubuhi moja nilikuwa ndiyo nimemaliza kufunga. Zaina akatoka amevaa, mkoba begani.

"Imefungika?"

"Imefungika. Ila hii ya kushoto..."

"Weka spana chini. Maumivu yameanza. Twende."

Wakuu, ile njia sitaisahau. Kila shimo nalikwepa, nisilolikwepa najihesabia dhambi. Shokapu zilishuka na kupanda bila kugonga, lakini sikuziamini hata kidogo. Nikawa nageuka kumuuliza anaumia wapi.

"Angalia mbele, msomi."

Hospitali walimpima presha, wakaangaliana. Ilikuwa juu sana, na nyumbani hatukuwa na habari. Daktari akasema hatoki tena mpaka ajifungue, tungechelewa tungeongea mengine. Alijifungua wiki ileile. Msichana, mzima, sauti kubwa.

Nilichojifunza: usijaze shokapu ya zamani kwa kikombe kabla hujahakikisha pande zote mbili ni tupu. Pima usawa wa mafuta, springi ikiwa nje. Na pikipiki ya dharura ikishakubali, iache.

Mliozoea shokapu za zamani, nikosoeni. Kwenye njia mbovu mnatia mafuta gani?

Huyo mtoto sasa anasoma shule. Mwaka jana tulikuwa tunamsuka, mimi upande mmoja, Zaina upande mwingine, ndipo dada aliponiambia kwamba asubuhi ile hakuwa anaumwa popote. Aliniona toka ndani nimeshika spana tena, akaamua twende kabla sijaifungua.