Askari Wenye Fizi Mguuni

Mtengeneza meno bandia alikuwa na siri moja, nayo ilikaa ndani ya miguu ya askari wa plastiki. Askari wa zamani huvunjikia kifundoni, maana plastiki ikizeeka hukauka ikawa kama biskuti. Yeye alitoboa pande zote mbili, akapitisha waya mwembamba, akaziba kwa plastiki ya waridi ya kutengenezea fizi, kisha akapaka rangi juu. Nani angejua kwamba mpiga tarumbeta anasimama kwa ufizi?

Magoti yalimkatalia kupanda hadi ghorofa ya nne, kwenye klabu ambako watu wazima na ndevu zao hupanga majeshi mezani na kugombania kilima cha karatasi. Kwa hiyo mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, ndiye aliyempelekea kazi zake. Miaka mitatu alirudi na jibu lile lile: "Bado kidogo, dada. Wanasema nyuso hazina uhai." Naye, maskini, akarudia nyuso, akachora mboni za macho huku amebana pumzi. Alitaka jambo moja tu: klabu imkubali kuwa fundi wa jeshi lao kuukuu.

Siku moja mwenyekiti wa klabu akaja dukani kufuata meno yake ya juu. Hakumjua mwenye duka. Akatoa mfukoni askari aliyekatika mguu.

"Huna gundi kali, mama? Kaniponyoka kwenye ngazi. Fundi wetu akijua, nimekwisha! Kijana ana mikono ya dhahabu yule. Mwaka wa pili huu tumemkabidhi jeshi zima."

Mtengeneza meno akakigeuza kifundo kwenye mwanga. Waridi.

Mwaka wa pili! Kumbe yale maboksi ya askari wabovu ambayo mdogo wake alimletea "ya majaribio" ndiyo lilikuwa jeshi lenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Yeye nguo hizo alikuwa amezifua na kuzipiga pasi. Hata hivyo alimvalisha mzee meno, akamuunganishia askari.

Jumamosi mdogo wake akaingia akitabasamu, boksi la askari kwapani.

"Wanajua nani anawatengeneza hawa?" dada akauliza.

Tabasamu likayeyuka. "Dada, nisamehe. Walidhani ni mimi, nikaona haya kuwasahihisha. Lakini nimeshaweka mambo sawa! Wamekubali uje. Tutakubeba kwenye ngazi."

"Nije kama nani?"

"Nimewaambia wewe ndiye unayenisafishia brashi."

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyeleta zawadi. Dada alikuwa amemlea tangu ana miaka minne, mama yao alipofariki; yeye ndiye aliyemfundisha kusema asante. Akachukua boksi kutoka kwapani mwake, akaliweka mezani, akaenda kumfungulia mlango.

"Nenda," akasema. "Waambie msafisha brashi ameacha kazi."