Nyongeza ya Mkataba na Ngoma ya Chatu

Soko la pamba lilipofunguliwa kwa kila mwenye mzani, wanunuzi waliingia Bariadi wengi kuliko nzige. Zamani pamba ilinunuliwa na ushirika peke yake. Sasa kila lori lililotoka Malampaka lilishusha mtu mwenye mkoba na godoro, na kila mwenye godoro alitaka chumba.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga vyumba viwili na baraza. Barazani ndipo alipoweka cherehani yake, na wateja wote walimjua kwa baraza ile. Mkataba wetu ulikuwa umebakiza wiki tatu. Mwenye nyumba, mzee mfuga ng'ombe wa Sapiwi, hakuwa amesema neno, na mnunuzi mmoja alishakuja kupima baraza yetu kwa hatua, huku mke wangu anashona, aone magunia yake yataenea vipi.

"Nenda Sapiwi ukaombe nyongeza," mke wangu akasema. "Na usiongee kama gazeti."

Nilikuwa nimetoka kuhitimu masomo ya jioni ya watu wazima, na hapakuwa na profesa duniani aliyejiona msomi kama mimi. Niliandika nyongeza nakala tatu, nikamwaga "kwa hiyo basi" mpaka kalamu ikaomba maji.

Shida ilikuwa ngoma. Mzee yule alikuwa ningi, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo, wa kundi linalocheza na chatu. Sisi kwetu, tangu babu, ni watu wa ngoma ya nungunungu. Baada ya mavuno makundi mawili husimama uwanja mmoja, kila moja upande wake, yanapiga kwa wakati mmoja, na linalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Mwaka wa nyuma nilikuwa nimepanda juu ya pipa nikamtangazia mzee kwamba chatu wake ni kamba ya kufungia ndama. Watu walicheka mpaka Nkoma wakasikia.

Nikajiambia, msomi hutubu. Nikajifunga kiunoni kitambaa cha kundi lake, nikapanda baiskeli hadi Sapiwi, nikamkuta zizini.

"Mwangaluka, guku," nikamwamkia kama mjukuu kwa babu yake, nimeinama mpaka pua ikanusa samadi.

"Mwangaluka." Akanitazama kiunoni. "Hicho nini?"

"Nimehamia kwenu, guku. Nungunungu nimewaacha."

Nilitegemea anichinjie ng'ombe. Badala yake akaegemea fimbo yake.

"Baba yako alicheza ngoma gani?"

"Nungunungu, guku."

"Na wewe umemwacha kwa ajili ya vyumba viwili."

"Na baraza," nikasema, msomi mimi.

"Rudi kwako na karatasi zako. Anayeacha ngoma ya baba yake kwa siku moja, nyumba yangu ataitunza vipi?"

Mke wangu aliposikia alishika kichwa. "Nimekutuma ukaombe nyumba, wewe ukaenda kuuza ukoo!"

Jumamosi yake yakawa mashindano. Mke wangu aliniapisha nikae kimya kama jiwe. Mzee akatoka na chatu shingoni, mnene kama paja langu, na uwanja mzima ukamkimbilia. Upande wetu wakabaki wapiga ngoma na mbuzi wawili.

Nilivumilia labda dakika moja. Mara nikajikuta katikati ya uwanja.

"Guku! Huyo chatu mmemlisha ugali? Anasinzia! Watu njooni huku mwone ngoma!"

Nikarusha miguu, vumbi likafunika jua. Watu wakaanza kurudi kwetu, kwanza watano, kisha nusu ya uwanja. Mzee akageuka, akanitungia wimbo palepale: mpangaji wake ana miguu ya korongo, akilala inatokea dirishani. Watu wakaanguka kwa kicheko, wote wakahamia kwake tena. Walitushinda, ndiyo, lakini kwa unywele.

Nikasema moyoni, basi, tumelala nje. Mzee akaja anatiririka jasho.

"Zile karatasi ziko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mke wangu alishazichomoa kwenye pindo la kitenge.

"Yule mnunuzi nilimuuliza ngoma yake," mzee akasema. "Akanijibu hana. Sasa mtu hana ngoma, nitamtukana nini?"

"Kwa hiyo sisi tunabaki, baba?" mke wangu akauliza.

"Mnabaki. Lakini huyu aandike: mpangaji haruhusiwi kuhama ngoma."

Nikaandika juu ya ngozi ya ngoma. Wino wa dole hatukuwa nao, mzee akapaka dole masizi ya birika la mama muuza chai, akabonyeza nakala zote tatu.

"Miaka mitano tena, guku?"

"Weka saba," akasema. "Mitano haitanitosha kukumaliza."