Dalali Aliyepotewa na Kijiko

Kwenye uwanja wa mnada wa vyombo vya mitumba, jina halisi la dalali huyu hakuna aliyelitumia. Alikuwa Kasuku, basi. Mwanamke mfupi, amepanda juu ya kreti la soda, anauza kabati lenye mlango mmoja kana kwamba wa pili ungekuwa anasa. Watu walikuja kutafuta kiti, wakaondoka na kiti, kioo na mbavu zinazouma kwa kicheko.

Asubuhi moja alikuwa anafunga kiatu, mkono wa kulia ukamlegea, na mguu pia. Akataka kumwita mumewe, fundi wa sofa. Kikatoka kitu kama "pa-pa-pa". Kiharusi. Hospitalini walimhangaikia, mguu ukarudi, mkono ukarudi nusu. Maneno ndiyo yaliyogoma. Akili ilikuwa palepale: aliwatambua watu, alielewa utani, alijua mumewe amezidisha chumvi kwenye mboga. Ila akitaka kusema "chumvi", linatoka "dirisha".

"Nifungue dirisha?" mumewe anauliza.

Kasuku anatikisa kichwa, anacheka, halafu machozi yanamtoka.

Mtaalamu wa tiba ya usemi alikuwa mji mwingine, mbali. Hospitali ikawaazima kompyuta ndogo, wakaiweka mezani kati ya mikasi na vipande vya vitambaa vya sofa. Kwenye skrini akatokea binti mwenye miwani, kisha picha ya kijiko.

"Mama, hiki ni nini?"

Kasuku alikijua. Angeweza kukuonyesha jinsi ya kukorogea chai. "U... uma. Aa! Uma. Aa-aa!"

"Kijiko!" mumewe akadakia.

"Baba," mtaalamu akasema kwa upole, "nakuomba umwachie atafute mwenyewe."

Mume akaziba mdomo kwa kiganja, na kwa kuwa hakujiamini, akaongeza cha pili.

"Mama, kinaanza na ki..."

"Ki... kijiko!"

Kasuku akatoa macho. Kumbe neno lilikuwamo! Sasa lilikuwa limejificha wapi?

Swali hilo likamkaa kichwani. Wengine hufanya mazoezi ili wapone. Yeye aliyafanya kama jirani anayechungulia dirishani. Kutwa nzima amevaa visikilizio, anasogeza kipanya cha kompyuta kwa mkono wa kushoto, anatazama picha, anatamka, mashine inamrudishia sauti yake. Akagundua kuwa "saba" haiji peke yake. Lazima aanze na moja, apande kama ngazi. Siku moja kipanya kikaanguka, akatukana. Tusi zima, safi, lisiloandikika hapa. Mumewe akaja mbio na sindano mkononi.

"Umesema!"

"Nime... nime..." Na likakatikia hapo.

Mume akamsimulia mtaalamu, kwa haya kidogo. Binti akacheka.

"Tuliyoyazoea sana, kama kuhesabu, nyimbo, hata matusi, mara nyingi hupita njia nyingine kichwani."

Kasuku akajigusa paji la uso. "Kwa... nini?"

"Kidogo tunajua, Mama. Mengi bado tunayachunguza."

Jibu hilo lilimfurahisha kuliko dawa. Kumbe hawakuwa wakimficha kitu. Walikuwa wanatafuta pamoja.

"Kazini ulikuwa unasema nini kila siku?" mtaalamu akauliza.

Kasuku akanyoosha shingo: "Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Sauti ile ile ya juu ya kreti.

"Basi niuzie hivi vyombo."

Kijiko kikauzwa. Sufuria ikauzwa. Birika likanadiwa kwa jina la soksi.

"Soksi sitaki," mtaalamu akasema. "Nipe birika langu."

Baadaye akamwingiza kwenye kikundi cha waliopotewa na maneno kama yeye, nyuso nne kwenye skrini moja. Mmoja alikuwa dereva mstaafu aliyebakiwa na neno moja tu: "kesho". Kwa hilo alisalimia, alikataa, alilalamika, alitania. Kasuku akamsogelea hadi pua ikakaribia kioo. Wakazungumza hadi kikao kikaisha, yeye na vipande vyake, dereva na kesho yake.

"Amekwambia nini?" mumewe akauliza.

"Mke... wake... mkali."

"Yote hayo kwa kesho?"

"Ana... u... uso," Kasuku akasema, akimwonyesha nyusi zilizopanda na mkono unaotishia kuchapa. Mume alicheka hadi akakaa chini.

Siku hizi Kasuku ananadi vyombo vidogo siku za Jumamosi, vikubwa amemwachia dalali mwenzake. Neno likikwama, ananyoosha kidole, wanunuzi wanangoja. Wengine wanapunguza haraka waliyokuja nayo. Akitoka mnadani anaketi na dereva kwenye skrini. Anataka kujua zile "kesho" ziko aina ngapi, na kila akidhani amezimaliza, mzee wa watu anamtolea nyingine.